Kiganja Kifuani

Mpira uligonga mkono wangu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, ukabadili njia ukaingia golini. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka. Watu wote waliokuwapo uwanjani Jumamosi ile wanaamini vingine, na wanaamini hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia.

Ilikuwa ligi ya wazee. Tunaiita hivyo ingawa sharti lake ni kutimiza miaka arobaini na mitano tu, na wapo wanaonuna ukiwaita wazee mbele ya wake zao. Timu ni sita, kila mtaa na yake, na tunacheza Jumamosi baada ya swala ya alasiri kwenye uwanja wa shule moja ya msingi pale Chumbageni. Jumamosi ilichaguliwa makusudi. Ijumaa wenzetu wana msikiti, na Jumapili sisi wa kanisani tuna ibada, ambayo kwa Walutheri huisha pale mchungaji anapojisikia kumaliza. Kombe hakuna. Timu inayoshika nafasi ya kwanza hupewa mbuzi, na mbuzi huyo huliwa na timu zote sita pamoja. Kwa hiyo ukikaa ukafikiri, hapakuwa na kitu cha kugombania, na hilo nalo linaniuma.

Tulikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Msimu wa kwanza ulikuwa vurugu tupu. Watu wazima wenye wajukuu walishikana mashati kwa ajili ya mpira wa kurusha. Refa wa kwanza alitupa filimbi kichakani akaenda zake, wa pili alikula teke, wa tatu hakupatikana. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja aliyestaafu ukarani bandarini, akatuketisha sote kwenye nyasi kama watoto wa darasa la kwanza, akasema kama refa hatumwamini, basi tutaaminiana wenyewe kwa wenyewe. Tangu siku hiyo, likitokea jambo lenye utata, refa anapuliza filimbi, mchezo unasimama, naye anamfuata mhusika na kumuuliza mbele ya watu. Umemkwatua? Umeutoa wewe? Umenawa, yaani mpira umeugusa kwa mkono? Ukiwa na kosa unainua mkono juu. Ukiwa huna, unaweka kiganja kifuani. Neno lako ndilo hukumu, na mchezo unaendelea.

Sheria hiyo ilikuwa na mkia. Mtu akishaweka kiganja kifuani, kisha mwingine akamwita mwongo, huyo aliyemwita mwongo anatoka nje ya mstari na kukaa huko mpaka siku atakapomwomba mwenzake radhi mbele ya wote. Si mechi mbili, si mechi tatu. Mpaka siku hiyo. Mwenyekiti alisema bila mkia huo tutarudi kwenye mashati yaleyale, na sisi tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi. Sheria ikaandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, kwa mwandiko wangu, kwa sababu mwalimu ndiye mwenye mwandiko.

Na ikashika. Tulikuwa na beki mmoja, muuza nyama, ambaye mtaa mzima ulijua mizani yake ina mambo. Siku moja, dakika ya mwisho, aliinua mkono akakubali kwamba amemvuta mtu jezi kwenye eneo la hatari, timu yake ikafungwa penalti. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni juu ya ndoo, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Nyumbani hajawahi kukiri hata kumaliza sukari," alisema. Tulikuwa tunakuja uwanjani kuwa watu wazuri kwa saa moja na nusu, kisha tunarudi makwetu na tabia zetu.

Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka zaidi ya thelathini. Katika ligi ile nilikuwa nimeinua mkono mara nyingi kuliko mtu yeyote. Niliinua hata pale ambapo refa hakuona kitu na hakuna aliyeuliza. Watu walisema, "Akisema mwalimu, imekwisha." Nilijifanya sisikii, lakini nilisikia vizuri sana, na nilipenda. Siku hizi huwa najiuliza kama kweli nilikuwa mkweli, au nilikuwa najiwekea akiba.

Golikipa wa timu ya Ngamiani alikuwa rafiki yangu. Alikuwa fundi cherehani, mwenye baraza lake na mashine yake ya kukanyaga kwa miguu, na watu wote tulimwita Fundi. Tulijuana tangu nilipompelekea kitambaa cha suruali yangu ya kwanza ya kazi. Yeye Mdigo, kwao ni huko juu kuelekea mpakani. Mimi baba yangu alitoka mbali sana kuja kukata mkonge, nikazaliwa kwenye kambi ya shamba upande wa Muheza. Alinitania kwamba mtoto wa mkonge hawezi kuwa na miguu laini ya mpira. Mimi nikimtania kwamba anadaka kama mtu anayepima kitambaa, anautazama mpira kwanza kama unatosha.

Mkewe alikuwa amefariki. Watoto wake wameolewa huko na huko, binti mmoja yuko Pangani. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa aliinama juu ya ile mashine. Aliwahi kuniambia, "Siku sita nimeinama, mwalimu. Jumamosi ndiyo siku ninayoiona mbingu." Alikuwa pia na sukari, na nesi wa kliniki alikuwa amemsisitizia mazoezi. Fundi alilisimulia hilo kwa fahari. Wenzake wameandikiwa vidonge, alisema, yeye kaandikiwa mpira. Jumamosi zake hazikuwa mchezo kama zilivyokuwa kwetu, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Mechi yenyewe ilikuwa ya mwisho wa msimu, sisi wa Chumbageni na wao wa Ngamiani, na atakayeshinda ndiye mwenye mbuzi. Mwaka huo nilikuwa nimestaafu. Watu hawakwambii jinsi kustaafu kulivyo kugumu kwa mwalimu; wanakupa hotuba na saa ya ukutani. Kila asubuhi niliamka saa ileile, nikavaa, kisha nikakaa sebuleni nisijue pa kwenda. Tena nilikuwa sijafunga goli hata moja misimu miwili. Binti yangu alikuwa amekuja kutoka Dodoma na watoto wake wawili, wamesimama pembeni ya uwanja, na yule mdogo alikuwa akipiga kelele, "Babu! Babu!" kila nilipougusa mpira, hata nilipoupoteza.

Ilikuwa bado hakuna kwa hakuna, na dakika zilikuwa zimebaki chache. Ikaja krosi kutoka kushoto. Niliruka pamoja na beki wao. Niliona mpira unanipita juu ya kichwa, na mkono ukaja. Sikukusudia. Mpaka leo naapa kwamba mkono haukuja kwa makusudi, ulikuja kama unavyokuja unapojikwaa. Mpira ukaugonga, ukashuka, ukampita Fundi upande wa kushoto.

Kelele zikalipuka. Watu wa timu yangu walinirukia. Kupitia katikati ya mabega yao nilimwona Fundi amepiga magoti pale alipoangukia, ananitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatabasamu, kile kitabasamu chake cha upande mmoja, kwa sababu alikuwa ameona na alijua nitafanya nini. Alikuwa ananisubiri niinue mkono ili aniambie jambo la kunitania.

Refa alipuliza. Beki alikuwa amemziba, hakuwa ameona sawasawa. Akanijia.

"Mwalimu, umenawa?"

Ningependa kusema kwamba kiganja kilikwenda chenyewe. Hakikwenda chenyewe. Nilimtazama mjukuu wangu, nikawatazama wenzangu waliokuwa bado wamenishika mabega, nikawa na muda wa kutosha kabisa wa kufikiri. Kisha nikaweka kiganja kifuani.

Nilikiona kile kitabasamu kinaondoka. Fundi alisimama taratibu, akapangusa magoti. "Aa, mwalimu," alisema, na mwanzoni ilikuwa kwa sauti ya chini, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau. "Mwalimu! Umeunawa weye. Miye nimeuona kwa macho yangu haya."

"Fundi, ameshasema," refa akamwambia.

"Kasema uongo."

Uwanja mzima ukaguna. Refa alimshika mkono akamsihi arudishe neno lake kabla halijafika kwa mwenyekiti. Wenzake wa Ngamiani nao wakamzunguka wakimsihi vilevile. Fundi hakuwatazama hao wote, alinitazama mimi. Alinipa nafasi mbele ya watu wote, na mimi kiganja kilikuwa bado kifuani.

"Nirudishe neno lipi?" alisema. "Mwongo ni mwongo." Akavua glavu zake, akavuka mstari wa majivu akatoka. Dakika zilizobaki golini alisimama muuza mkaa wa mtaa wao, na mechi ikaisha hivyohivyo.

Mbuzi aliliwa wiki iliyofuata. Fundi hakuja. Mimi nilikwenda, na nyama nilikula.

Usiku wa siku ile ya mechi nilikuwa nimejiambia nitalimaliza kesho. Kesho ilikuwa Jumapili, nikajiambia si vizuri kumfuata mtu na mambo ya mpira siku ya ibada. Jumatatu nikaona nimwache apoe. Ligi yetu ina kundi la wasapu, na huko nilisifiwa wiki nzima, wakanipachika jina la mshambuliaji hatari. Nikaandika, "Ndugu zangu, mpira ule niliunawa." Nikayatazama maneno hayo mpaka simu ikazima kioo chake. Nilipoiwasha nikafuta. Kisha mtu mmoja akatuma video aliyoirekodi kwa simu akiwa nyuma ya goli. Nikaitazama nikiwa nimefunga mlango wa chumba. Mgongo wa beki umeziba kila kitu, huoni mkono, huoni chochote. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyepona ugonjwa.

Mke wangu nilimwambia, kwa sababu alikuwa ameshanigundua. Alikuwa anamenya ndizi. Hakushangaa wala hakunisema. Alisema, "Nenda," kama vile ananituma chumvi. Jumamosi iliyokuja akaniuliza kama nimekwenda. Na iliyofuata pia. Ikafika Jumamosi moja hakuuliza tena, na hapo ndipo niliposikia aibu kuliko siku zote.

Msimu mpya ukaanza. Fundi alikuwa anakuja uwanjani kila wiki na kusimama nje ya mstari, mikono nyuma. Timu yao ilikuwa inafungwa ovyo. Walimwendea mara ngapi sijui, kumsihi aseme neno tu, watu warudi kucheza. "Sema basi, Fundi, ni maneno tu." Akawajibu kwamba huyo aliyemwondoa uwanjani naye alitumia maneno tu. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda barazani kwake, akakaa, akanywa kahawa, akarudi mikono mitupu. Alitusimulia jibu alilopewa. "Shikamoo yako naipokea, mzee wangu, na kahawa yangu umekunywa. Lakini nikimwomba mwalimu radhi, nitakuwa nimesema uongo na miye. Mtakuwa na waongo wawili." Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja alisema kiburi kitamuua. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nafunga kamba za viatu.

Siku moja nilijikaza nikaenda. Nilichukua suruali iliyokuwa haina tatizo lolote nikaitia kwenye mfuko, nikasema inabana kiunoni. Alinikaribisha. Akachukua utepe wake, akanizungushia, pini mdomoni, akaandika kwa chaki kama alivyofanya miaka yote. Alikuwa amenenepa, na alihema alipoinama. Alipomaliza aliketi, akaondoa pini mdomoni, akaweka mikono juu ya mashine, akatulia.

"Kuna jingine, mwalimu?"

Hakuuliza kwa ukali. Barazani tulikuwa wawili tu. Mtaani walipita watu na baiskeli zao, mwanamke mmoja alikuwa anaita mtu wa maandazi. Aliningoja kwa muda mrefu, kwa subira kubwa, kama ninavyokumbuka mimi nilivyowangoja watoto waliojua jibu ila wanaogopa kulisema.

"Hakuna, Fundi," nikasema. "Nitaipitia Alhamisi."

Sikuipitia Alhamisi. Niliipitia wiki mbili baadaye, nikamkuta ametoka, nikaichukua kwa jirani. Tangu hapo nilinunua suruali za dukani zilizoshonwa tayari, na zote zinanipwaya.

Kisha akaacha kuja kusimama. Tulisikia amepata kidonda kwenye kidole cha mguu, kimeanza bila yeye kuhisi, kama sukari inavyofanya. Daktari yeyote atakwambia ugonjwa ule una njia zake, na kwamba mtu aweza kukimbia kila siku na bado ukampata. Nimewahi kuambiwa hivyo na kijana aliyesomea mambo hayo, nami nilimuuliza mara mbili ili alirudie. Lakini mimi najua kwamba kwa miezi ile yote mtu yule alikuwa ameinama siku saba.

Ramadhani ilipokaribia, ligi ikasimama kama kawaida, na Jumapili ya mwisho tukaenda kuvunja jungu. Ni desturi ya pwani hii, watu kukusanyika na kula vizuri kabla ya mfungo, na ligi yetu huifanya pamoja, Waislamu na Wakristo, kwenye mchanga huko nje ya mji. Sisi wa kanisani tunawakuta huko baada ya ibada, pilau likiwa tayari. Baada ya kula tunakaa duara, na kila mwenye jambo na mwenzake anaomba radhi, ili watu waingie katika mwezi huo na mioyo myepesi. Kila mwaka huwa ni vicheko tu. Mmoja anaomba radhi kwa kumkanyaga mwenzake, mwingine kwa kumsema vibaya kwenye wasapu.

Mwaka ule nilikwenda nimeamua. Naomba niaminiwe katika hili, ingawa sina haki ya kuomba. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Alhamisi, nikayasema mbele ya mke wangu, naye akanipigia shati pasi bila kusema kitu. Nilikaa kwenye duara nikingoja mwenyekiti amalize dua nisimame wa kwanza.

Ndipo bodaboda ikasimama kule barabarani, na Fundi akashuka. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe hadi juu ya kifundo, umetiwa kwenye kandambili iliyokatwa pembeni. Watu walipaza sauti za furaha wakainuka kumpokea. Akakataa kusaidiwa. Alifika ukingoni mwa duara akasimama hapo, hakuingia, kama vile hata kwenye mchanga palikuwa na mstari.

"Mzee, naomba niseme miye kwanza," alimwambia mwenyekiti. "Mguu huu hauniachi nikae sana."

Mwenyekiti akamruhusu.

"Ndugu zangu, mwezi unaingia, na hali yangu mnaiona. Sitaki kuingia nao nikiwa nje. Nimewakumbuka. Siku ile nilimwita mwalimu mwongo mbele yenu. Namwomba radhi mbele yenu, kama sheria yetu inavyotaka. Mwalimu, niwie radhi."

Makofi yalipigwa. Wengine walikuwa na machozi. Nyuso zote zikanigeukia mimi, na kulikuwa na kimya, na katika kimya hicho nafasi ilikuwapo. Sijidanganyi kwamba haikuwapo. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa kinywani, hayakuwa yamesahaulika hata moja. Lakini watu walikuwa wanafurahi mno. Niliona kama nikiyasema sasa nitakuwa nimemvua nguo mbele yao mtu aliyejifunika kwa shida. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa, kama nilivyoogopa siku zote.

"Nimekusamehe, Fundi," nikasema.

Nimekusamehe! Hata "na mimi uniwie radhi," ambayo watu huisema kwa mazoea tu, sikuisema. Tukakumbatiana. Alikuwa ananuka mafuta ya cherehani na dawa ya kidonda. Akaniambia sikioni, polepole, asisikie mtu mwingine, "Nilikungoja sana, mwalimu."

Kisha akaingia kwenye duara akakaa katikati ya golikipa wa mtaa wa pili na yule muuza nyama. Wakampakulia. Alikula kidogo na kucheka sana. Mwenyekiti akafungua daftari na kuandika kwamba ameomba radhi, amesamehewa, kifungo kimeisha. Safari hiyo aliandika mwenyewe, kwa sababu mimi nilisema sikuja na miwani.

Baada ya Idi alikuja uwanjani Jumamosi mbili. Kucheza hakuweza tena, lakini aliwekewa kiti ndani ya mstari, karibu na goli lao, akawa anampigia kelele muuza mkaa jinsi ya kusimama. Alikuwa na furaha. Nilipopita karibu alinisalimia kwa utani uleule wa mkonge, wala hakunitazama kwa jicho la mtu anayedai kitu, na mimi nikawa nachezea upande wa pili wa uwanja. Kisha akalazwa. Mguu ulikatwa chini ya goti. Binti yake akaja kumchukua akampeleka Pangani, na huko hakumaliza mwezi wa pili. Tulikwenda kuzika kwa gari la kukodi, tukavuka mto na kivuko, maana kaburi liko ng'ambo. Nilishika jeneza kama wenzangu. Binti yake alinishukuru kwa kuwa rafiki wa baba yake miaka yote ile.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mechi, mwenyekiti alitukusanya wote katikati ya uwanja kwa dua. Ilipokwisha niliomba kusema. Safari hii sikupanga chochote. Nilisema kwamba mpira ule uligonga mkono wangu, nikawaonyesha mahali ulipogonga. Nilisema refa aliniuliza na nilimdanganya, kwamba Fundi alisema kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba alikaa nje ya mstari msimu mzima kwa ajili ya uongo wangu. Nilisema nilikuwa najua kila Jumamosi. Kisha nikainua mkono juu, mbele yao, kama sheria inavyosema.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka. Nilimtazama muuza mkaa, ambaye ana mdomo mkali, nikitegemea yeye ndiye ataanza.

Muuza mkaa alikuwa analia. Muuza nyama alinijia, akaushika mkono wangu nilioinua, akaushusha taratibu. "Basi, mwalimu," alisema. "Basi, kaka yangu. Sote tumeumia."

"Mnanisikia ninachosema?" nikauliza. "Niliunawa!"

"Tumekusikia. Mola akulipe kwa kumtetea mwenzako."

Mwingine nyuma akasema kwamba hao ndio marafiki wa zamani, siku hizi hawapatikani, mtu yuko radhi ajipake matope mwenyewe ili jina la marehemu libaki safi. Wakaitikia kwamba ni kweli. Nilianza kupaza sauti, nikaapa, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Mtu mmoja aliniletea kiti.

Nikamfuata mwenyekiti. Nilimwomba afungue daftari afute pale palipoandikwa kwamba Fundi alivunja sheria, aandike jina langu. Alilifungua kweli. Akapapasa ukurasa kwa kidole mpaka akapapata, akapasoma kimya kimya midomo ikicheza, kisha akanitazama kwa upole mkubwa.

"Mwalimu, mwenyewe aliomba radhi mbele yetu sote," alisema. "Nawe Fundi unamjua. Hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda."

Akalifunga daftari, akanipa chupa yake ya maji ninywe.